Springi za Kuongeza

Tunduma, Ijumaa, jua linakaribia kuzama

Sekela mwanangu,

Barua hii utaikuta juu ya kiti cha dereva. Usiwashe gari kabla hujaimaliza. Najua unavyosoma: unaanza mwisho kisha unarudi mwanzo, tangu ukiwa darasa la tatu, na mwalimu wako alinilalamikia mpaka akachoka. Leo nisomee kwa utaratibu, walau mara moja maishani. Ufunguo nimeuweka humu humu ndani ya bahasha, kwa hiyo usije ukadhani nimekuficha kitu ili nikuzuie.

Ukifika kesho alfajiri kutoka Vwawa kwa shangazi yako, utaona pikapu imekaa tofauti na ulivyoiacha leo asubuhi. Nitakueleza kwa nini. Mimi nitakuwa jikoni nachemsha chai. Nitakusikia ukifungua geti, lakini sitatoka, na wewe usije kwanza. Haya nimejaribu kuyasema kwa mdomo wiki nzima, na kila mara nimeishia kukuuliza kama umepakia soksi. Mambo ya soksi, dawa za malaria na kunipigia simu kila Jumapili unayajua kuliko mimi, wala sitayapotezea wino.

Naandika nikiwa nimevaa miwani uliyonipa. Nakumbuka siku ulipoleta kile chumba cha bati ulichonunua kwa wale wazee wa Kizungu, cha kubebwa na pikapu ukienda kupima watu macho vijijini, ukanikalisha kwenye kitanda chake, ukanifunga jicho moja kama mtoto na kuniambia nisome herufi ukutani. Nilikuwa mgonjwa wako wa kwanza. Nilizikosa herufi nyingi nikakusingizia kwamba hukuziandika vizuri, ukacheka hadi chumba kikatikisika. Nilicheka na wewe. Lakini kilipotikisika nilishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, na wewe ulidhani ni uzee.

Tangu chumba kile kilipowekwa mgongoni mwa pikapu, wiki tatu sasa, silali upande wa dirisha. Usiku upepo ukipiga, mlango wake unagongagonga kidogo, bati kwa bati. Mlio huo naujua. Nimeishi nao miaka ishirini na moja, na hapo kabla ulikuwa ndani ya kichwa changu tu. Sasa umehamia uani kwangu.

Hata hivyo nilikuwa nimejiapiza kunyamaza. Nilijiambia, huyu ni mtu mzima, amesomea kazi yake, ana marafiki wanaojua magari. Wale wazee wawili wa Kizungu walizunguka nacho nchi ngapi, wakakifikisha hapa mpakani salama, kilichokufa ni injini ya gari lao tu. Mimi ni nani hata niseme hakibebeki? Nilinyamaza hivyo mpaka Jumatatu. Jumatatu ulirudi kutoka gereji ukaniita uani kwa furaha. Ulipiga pikapu makofi matakoni kama ng'ombe aliyenenepa, ukasema:

"Mama, njoo uone! Fundi kaongeza springi. Ona, mbona haijalala!"

Nilikwambia nimeacha sufuria motoni, nikaingia ndani. Hapakuwa na sufuria motoni, Sekela. Nilikaa kwenye kigoda nikiwa nimeziba mdomo kwa khanga, kwa sababu maneno hayo mawili ya mwisho ni yangu. Niliyasema mimi, kuhusu pikapu nyingine, kwa mtu mwingine, na mtu huyo alikufa kabla ya saa sita mchana siku hiyo hiyo.

Ulikuwa na miaka sita. Mjomba wako Ambokile nadhani unamkumbuka kwa pipi za mnanaa, na kwa jinsi alivyokuweka begani mpaka kichwa chako kikagonga mwimo wa mlango, ukalia, yeye akaupiga mwimo makofi kwa kukuumiza. Alikuwa mdogo wangu wa kuachiana ziwa. Tulikuwa na pikapu moja, tuliyoinunua pamoja. Yeye anaendesha, mimi nafanya biashara. Wakati huo nilikuwa na kibanda cha chuma, cha kijani, kando ya barabara ya kwenda mpakani. Nikaambiwa Isongole siku ya soko Wamalawi wanavuka na kununua sukari na sabuni mpaka zinakwisha. Isongole ni nyumbani, mama yangu anaishi pale. Nikaamua kuhama na kibanda changu kizima kizima.

Kibanda kile kilikuwa kimechomelewa, hakikunjuki. Wanaume kumi na wawili walikinyanyua kikiwa kitupu, wakakiweka mgongoni mwa pikapu, kikakaa humo kama kilichopimwa. Kingesafiri hivyo hivyo kitupu, pengine leo nisingekuwa na barua ya kuandika. Lakini nilitazama rafu zangu ziko palepale, nikaona ni ujinga bidhaa zisafiri peke yake kwa gari la kukodi wakati duka lenyewe linasafiri. Nikapanda, nikapanga mzigo wote kama mtu anayefungua asubuhi. Sukari chini, chumvi, ndoo za mafuta ya kula, miche ya sabuni, juu kabisa madaftari na misumari. Nilipofika rafu ya tatu pikapu ilikuwa imelala nyuma, imekaa kitako kama mbwa.

Ndipo nikaipeleka kwa fundi Sichone.

Unamjua. Ni yule mzee wa kuziba pancha za baiskeli na toroli karibu na soko la mazao, ambaye tukipita mimi huvuka barabara. Uliwahi kuniuliza kwa nini navuka, nikakwambia upande ule una vumbi. Enzi hizo alikuwa na gereji yake, na watu walitoka hata ng'ambo Nakonde kumfuata. Alizunguka pikapu yetu mara mbili, akachuchumaa, akainuka akaniambia hivi, na nakuandikia kama alivyosema:

"Mama Sekela, springi naweza kukuongezea. Ila springi inanyanyua mgongo tu. Breki ni zilezile, ekseli ni ileile, tairi ni zilezile. Gari likilala, linakwambia limeelemewa. Mimi nikiongeza chuma, nalifumba mdomo."

Nikamjibu, "Lifumbe basi, kesho kutwa ni soko."

Alifanya kazi yake bila kusema tena. Aliongeza vyuma viwili kila upande. Pikapu ikasimama wima, na mimi nikaamini. Ndilo kosa letu watu wa huku, naliona kila siku stendi na gereji: tunapima mzigo kwa macho, kwa kutazama matako ya gari. Yakiwa juu, mzigo ni halali. Mtu akishaongeza springi anapata amani ya moyo, na gari halina namna nyingine ya kumweleza.

Tuliondoka asubuhi. Ambokile alikuwa kwenye usukani, mimi pembeni yake nimeshika ufunguo wa kufuli la kibanda. Watu walituchekea njia nzima, duka linatembea, mwingine akapaza sauti akiomba sukari ya robo. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Tulipopita Mpemba na kuiacha lami, Ambokile akaacha kuzungumza. Alikuwa mtu wa maneno mengi, kwa hiyo niliona. Baadaye akasema taratibu, macho barabarani:

"Dada, inanielemea. Usukani mwepesi mno, kama mbele hakuna kitu."

Nikasema, "Mbona haijalala?"

Akapunguza mwendo, akaushika usukani kwa mikono miwili. Ningekuwa na akili ningeiogopa mikono ile.

Kabla ya mteremko wa kushukia Isongole kuna mahali pa kupumzika, ambapo magari yalikuwa yakisimama kupoza injini. Kesho ukipita utapajua, sasa kuna lami na vibao vya onyo. Alisimamisha gari. Akashuka akazunguka magurudumu yote manne, akiyasogezea kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto. Lile la nyuma kushoto alilisogelea akarudisha mkono haraka. Akaja dirishani kwangu.

"Dada, yana moto. Tushushe nusu ya mzigo hapa. Wewe kaa nao, mimi nishuke na kilichobaki, nirudi kukuchukua."

"Nikae na sukari porini?"

"Saa mbili tu."

"Ambokile, we tangu uoe umekuwa mwoga. Mke amekulainisha."

Nilisema hivyo nikicheka. Alikuwa na miezi minne ya ndoa. Na yeye alicheka, Sekela, ndicho kinachonikereketa mpaka leo, alicheka kweli akatikisa kichwa. Kisha akafungua mlango wangu. Nyuma yetu ilikuwa imesimama Landrova ya abiria, na waliomo walikuwa wametusikia. Akaniambia, "Haya shuka, panda ile. Mzigo wenyewe ni wewe." Nilishuka nimenuna. Sikumuaga. Nilipanda Landrova nikakaa mbele, ufunguo wa kufuli mkononi, na nikamwambia dereva kwamba mdogo wangu siku hizi ana wasiwasi wa kike.

Yeye alijua. Nimelitafakari hili miaka yote hii na sioni maana nyingine. Alijua jinsi gari lilivyo, akanitoa mimi ndani yake, na yeye akaenda kwa sababu nimemwita mwoga mbele ya abiria.

Nilichokiona nitakieleza mara moja tu. Kona ya kwanza walipita salama, nasema walipita kana kwamba walikuwa wengi, naona bado nakihesabu kile kibanda kama mtu. Kona ya pili kibanda kikaanza kuyumba, taratibu, huku na huku, kama mtu anayekataa kwa kichwa. Harufu ya breki iliyoungua ilituingia puani sisi wa nyuma. Taa zake nyekundu za breki zilikuwa zinawaka. Hili ulishike vizuri kuliko yote: zilikuwa zinawaka muda wote. Mjomba wako alikuwa amekanyaga breki toka juu, na breki zilikuwa nzima, zinafanya kazi yote zinayoiweza. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko hizo breki. Kwenye kona ya tatu kibanda kilielekea upande wa bonde, na pikapu ikakifuata.

Nilipomfikia hakuwa na la kuniambia tena.

Kibanda kilikuwa kimelala kifudifudi mita chache chini yake. Kufuli halikufunguka. Watu wa pale, watu wema, walinisaidia kukifungua ili nisiibiwe. Sukari haikumwagika hata gunia moja. Ndoo mbili za mafuta ndizo zilizopasuka. Mzigo wangu ulifika salama kabisa, na chai ya msiba wa mdogo wangu tulikoroga kwa sukari ile. Watu walininyenyekea, wakasema dada huyu ana moyo, ametoa duka lake lote kwa ajili ya nduguye. Niliinywa. Sijui niliinywaje.

Mama yangu aliniuliza swali moja tu, tukiwa tumekaa kwenye mkeka. "Ilikuwa nini, mwanangu?"

Nikasema, "Breki, mama."

Basi. Neno moja. Halikuwa hata la kupanga, lilitoka kama mtu anavyoinua mkono kuzuia kofi. Lakini neno likishatoka halirudi. Watu wakauliza, breki alizifunga nani? Gari lilitoka gereji gani? Na mimi nilikuwepo, nimeinamisha kichwa, nikasema gari lilitoka kwa Sichone. Huo ulikuwa ukweli, na niliutumia kama kisu. Haukupita muda wateja wakamkimbia. Mke wa Ambokile alipokutana naye sokoni alimtemea mate miguuni. Sichone hakunitaja hata mara moja, hakusema "dada yake ndiye aliyelazimisha." Gereji ikafungwa, akabaki na baiskeli. Baba yako, Mungu amrehemu, alikufa akiamini breki. Bibi yako bado anaamini. Na wewe umekua ukiamini hivyo. Nilikusikia mwezi uliopita ukimwambia rafiki yako, "Nimebadilisha breki pedi zote, mjomba wangu alikufa kwa breki." Ulitumia fedha yako kuukimbia uongo wangu, ukaukimbilia upande ambao shimo lipo.

Huku tuna methali ya asiyesikia la mkuu, na wewe umeisikia kwangu hadi umeichoka. Hakuna aliyenitungia ya mkuu asiyesikia la mdogo wake. Ingekuwepo ningeichora ukutani.

Ulishawahi kunitania kwamba mimi ndiye mfanyabiashara pekee wa Tunduma nisiyeuza kitu cha kilo tano. Vitenge tu. Wateja wangu wa Zambia wananiita mama kwa lugha yao, "Bamayo, leta hata mchele," nawajibu mgongo unauma. Mgongo wangu ni mzima. Tangu siku ile siwezi kuona mzigo unapakiwa bila kutafuta mahali pa kukaa.

Sasa nikueleze nilichokifanya leo.

Ulipoondoka na basi la kwenda Vwawa, nilivaa, nikaenda soko la mazao. Mara hii sikuvuka barabara. Mzee Sichone alikuwa ameinamia tairi la toroli. Nilisimama mbele yake, maneno yote niliyoyaandaa yakanitoka, nikamwambia tu, "Fundi, breki zilikuwa nzima. Nilijua tangu siku ile."

Hakuinua kichwa. Akamalizia kupaka gundi, akabandika kiraka, akakigandamiza kwa kidole gumba muda mrefu.

"Umechelewa, Mama Sekela," akasema.

"Najua."

"Mke wangu alikufa anajua nimeua mtu. Nilimwambia sikuua. Lakini mtu mmoja akisema siyo na mji mzima ukisema ndiyo, hata mke analala na shaka."

Nililia pale pale barabarani, wachuuzi wakinitazama. Hakunibembeleza. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, akaniuliza nimefuata nini hasa baada ya miaka yote hiyo, maana mtu haamki tu akakumbuka. Nikamwambia kuhusu wewe, chumba, springi, na kwamba kesho unaanza na Isongole. Hapo ndipo aliponitazama.

"Gari liko wapi?"

Alikuja na kijiko chake cha kutolea tairi na spana kwenye mfuko wa salfeti. Nilimwonyesha jinsi chumba kinavyosimama kwa miguu yake minne ya chuma, ulivyonifundisha, tukazungusha vishikio vya miguu hiyo zamu kwa zamu mpaka kikanyanyuka kutoka mgongoni mwa pikapu. Alikikagua kwanza. Kisha akaniita nisome, kwa kuwa macho yake hayaoni karibu. Mwanangu, kwenye mwimo wa mlango wa dereva kuna kibati kidogo. Kimeandikwa uzito ambao gari halitakiwi kuuzidi likiwa na kila kitu, mafuta na dereva humo humo. Na ndani ya mlango wa chumba kuna kibandiko cha uzito wa chumba kikiwa kitupu, bila maji, bila gesi, bila mtu. Nilisoma vyote viwili kwa miwani yako. Namba nimezinakili nyuma ya ukurasa huu. Hesabu fanya mwenyewe, wewe ndiye uliyesoma; mimi nimeifanya mara nne, na kila mara nilitamani nimekosea.

Akaniuliza gari la wale Wazungu lilikuwaje. Nikamwambia kubwa, refu, nyuma lina matairi manne, mawili kila upande.

"Na hili lina mangapi?"

Sikuwa na haja ya kwenda kuhesabu.

Humo ndani tulikuta vitu ambavyo sidhani kama unajua vipo. Unajua watu wetu, mtu akisafiri hawamwachi aende mikono mitupu, na kukataa ni kuwatukana. Kuna gunia la mchele kutoka kwa mama mkwe wa shangazi yako, wa Kamsamba. Kuna mahindi ya majirani, mkungu wa ndizi, ndoo ya asali. Kila mmoja ametia kidogo chake, na kila mmoja kwa upendo. Chini ya kitanda kuna debe mbili za maharage. Hizo nilizitia mimi, Jumanne, siku moja baada ya kukukimbia uani. Mkono wangu ulifanya hivyo huku kichwa changu kikijua. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kumbe hata mzigo wa mwanao unaweza kuuona hivyo. Vyote vipo stoo sasa, tutavila sisi, na nitakutungia uongo wa adabu kwa waliovileta. Uongo huo nadhani Mungu ataupokea.

Halafu Mzee Sichone akalala chini ya pikapu yako, akazitoa springi zilizoongezwa. Nilimwomba mimi. Kazi ilimchukua hadi alasiri, mikono yake siyo ile ya zamani. Alipomaliza tukateremsha chumba chako pole pole kikakaa tena mahali pake, pamoja na tangi lako la maji, mtungi wa gesi, kabati la vioo na betri zako, bila punje ya zawadi ndani.

Imelala, Sekela. Utaikuta nyuma imekaa chini, karibu iguse matairi, na taa za mbele zinatazama juu ya ukuta wa jirani. Usishtuke na usinikasirikie kabla hujazunguka kuitazama vizuri. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote hizi, hata Jumatatu uliponiita. Ilikuwa imefumbwa mdomo tu.

Mzee alipokuwa anapangusa mikono nilimwomba msamaha, sasa kwa maneno kamili. Akaniuliza, "Mtoto anajua?" Nikasema hajui. "Na mama yako?" Hajui. Akafunga mfuko wake. "Basi waambie hao kwanza. Mimi nitasubiri, nimeshazoea." Nilitaka kumlipa akakataa, akasema kwa kazi ya kutoa springi hajawahi kumlipisha mtu. Chai aliinywa, vikombe viwili, bila sukari. Sikumuuliza kama ni kisukari au ni kumbukumbu.

Sikuandikii ili usiende. Nataka uende. Bibi yako ana miaka mingi hajatunga uzi kwenye sindano, na wazee wenzake wa kule wanakusubiri kama harusi. Nimepiga simu, nimewaambia unaweza kuchelewa hata siku tatu, wakasema kama wamesubiri hadi wakazeeka, siku tatu ni nini. Kesho saa mbili asubuhi kuna mtu kwenye ghala la mahindi, rafiki yake Mzee Sichone, atakuruhusu upande kwenye mzani wao kabla malori hayajajaa. Pima gari zima, halafu pima magurudumu ya nyuma peke yake. Mzee anasema huenda chumba kikitolewa tangi, mtungi na lile sinki kinaweza kupita; anasema vilevile huenda kisipite kabisa, na hapo kitabaki uani kwa miguu yake, wewe uende na vioo vyako na turubai, ulale kwa watu. Sijui. Safari hii sitaki kujua kwa macho. Na mzani ukisema kinabebeka, nitanyamaza, hata kama usiku huo nitalala nimekaa.

Kama ukiamua kuzirudisha springi na kuondoka alfajiri hii hii, nimeziegemeza pale kwenye ukuta wa stoo. Sikuzitupa. Wewe ni mtu mzima, na mjomba wako naye alikuwa mtu mzima, na mimi sina tena ulimi wa kumwambia mtu mzima aendeshe vipi.

Ila nina ombi. Sijashuka mteremko ule tangu mazishi. Kwenda kwa mama nazunguka, au namwomba apande yeye, mzee wa watu, apande yeye kuja kwangu. Naomba nafasi pembeni yako. Nataka nimwambie mama kwa mdomo wangu, kwenye mkeka uleule, kabla macho yake hujayapa miwani, maana nikiona ananiona vizuri huenda nikashindwa. Mimi siyo mwepesi, najua. Punguza maji, punguza chochote, nitie kwenye hesabu kama mzigo mwingine wowote.

Na tukifika pale juu, kabla ya mteremko, ukasimamisha gari ukashuka kupapasa magurudumu, chukua muda wako wote, mwanangu. Yazunguke yote manne, hata mara tatu. Nitakuwa nimekaa pale pembeni, na sitasema neno.

Mama yako